Mama Aenda Kuhakiki Somo Lake

Mama alipofika Sydney kunitembelea, nilikuwa nimeshampangia kila kitu. Nilikuwa nimeomba likizo kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya uuguzi, na ratiba nimeibandika mlangoni mwa jokofu: Jumatatu bandarini, Jumanne ufukweni, Jumatano bustani ya wanyama. Aliisoma amesimama, miwani imeshuka puani, kama anavyosoma mtihani wa mwanafunzi. Kisha akauliza, "Na Broken Hill je?"

Nilidhani sijasikia vizuri. Nimeishi Blacktown, pembeni mwa Sydney, miaka kumi na moja, na Broken Hill nilikuwa nausikia kwenye taarifa ya hali ya hewa tu, mji wa mwisho kabisa magharibi.

"Mama, kule ni mbali. Ni zaidi ya kilomita elfu moja. Hakuna kitu."

"Kuna risasi, zinki na fedha," akasema. "Hakuna kitu vipi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mama alifundisha jiografia sekondari, Tanga, zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka kidato cha tatu kilifika kwenye somo la Australia: pwani ya mashariki yenye mvua, safu ya milima nyuma yake, nyanda za ngano na kondoo, mto Darling, na mwisho jangwa na migodi. Alilichora lote ubaoni kwa chaki za rangi tatu. Alipotaja risasi darasa zima lilicheka, maana tulidhani kule watu wanachimba risasi za bunduki, na yeye alisubiri kicheko kiishe ndipo akaeleza kwamba ni madini. Mimi mwenyewe niliunakili mchoro ule, nikafaulu, nikausahau. Mama hakuusahau. Kumbe alipopanda ndege hakuwa anakuja kuona wajukuu peke yao.

Mume wangu ndiye aliyeipata ziara mtandaoni: siku sita, basi dogo la watu kumi na wanne, mwongozaji ambaye pia ndiye dereva, kutoka Sydney kuvuka Milima ya Buluu, kupita miji ya kale ya bara, hadi jangwani na kurudi. Akasema yeye atabaki na watoto. Ilikuwa Julai, na huko milimani baridi inauma, kwa hiyo jirani yetu Mkongo alimletea mama koti la mumewe lililomfika magotini. Mama akalivaa juu ya baibui lake, akajitazama kwenye kioo, akasema anafanana na mlinzi wa benki.

Mwongozaji wetu alikuwa mwanamke wa makamo, nywele fupi zenye mvi, sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu wa viti vya nyuma. Alisema haraka, maneno yakiungana kama ushanga. Mama anakijua Kiingereza, ila cha vitabuni, na saa ya kwanza nzima alikuwa akinipiga kiwiko.

"Anasema nini huyu?"

"Anasema tufunge mikanda."

"Muda wote huo ni mikanda?"

Tulipofika kileleni tulishuka mahali pa kutazamia bonde. Chini yetu msitu wa mikaratusi ulitandaa hadi macho yanapokomea, na juu yake kulikuwa na ukungu mwepesi wa buluu. Wenzetu walitoa simu, wakapiga picha. Mama alizunguka ule uzio wote, akarudi.

"Milima iko wapi?"

Nikamtafsiria mwongozaji, huku nikiona haya kidogo. Mwongozaji akacheka. Akasema tumesimama juu yake: hapa hapakuwa na vilele, palikuwa na nchi tambarare iliyoinuka, kisha mito ikaikatakata kwa mamilioni ya miaka. Tunayoyaona ni mabonde. Mlima ni huku juu tunakokanyaga.

Mama amezaliwa chini ya milima ya Usambara, na mlima kwake ni kitu cha kukitazama kwa kuinua shingo. Akakaa kwenye benchi, akatoa daftari na kalamu mfukoni mwa lile koti kubwa, akachora meza iliyokatwakatwa kwa kisu.

"Nilikuwa nachora pembetatu," akaniambia. "Miaka yote ile. Pembetatu, pembetatu, pembetatu. Nimewadanganya watoto wa watu."

"Lakini walifaulu, mama."

"Ndiyo. Walifaulu kwa pembetatu."

Kuanzia hapo basi zima lilimjua. Jambo alilolitaka hasa ni kuona mahali mvua inapokomea. Kwenye mchoro wake palikuwa na mstari: upande huu wa milima mawingu yanamwaga maji, upande wa pili ni kivuli cha mvua, nchi kavu. Alitaka aonyeshwe. Kila nusu saa aliinua mkono kama mwanafunzi na kuuliza kama tumeshafika. Mara ya nne nilisikia mtu akishusha pumzi nyuma yetu. Nikamnong'oneza mama kwamba hapa watu wamelipia kupumzika.

"Na mimi nimelipia kuuliza," akanijibu.

Kutoka kiti cha ng'ambo ya ujia mtu alicheka. Alikuwa bwana mmoja Mzungu, umri wake kama wa mama, mrefu, mikono mikubwa ya mtu wa karakana, aliyepanda peke yake na hajasema neno tangu Sydney. Alituinamishia kichwa kidogo, akarudi kutazama dirishani.

Mjini Bathurst tulilala hoteli ya zamani ya matofali mekundu. Jioni mwongozaji alitutembeza mjini, akatuonyesha mahakama yenye kuba, akatueleza jinsi dhahabu ilivyovuta watu wakaiacha pwani na kuvuka milima kwa miguu. Huu ndio mji wa kwanza wa walowezi ndani ya bara, alisema. Mama akainua mkono. "Na waliokuwepo kabla ya mji wa kwanza ni akina nani?" Mwongozaji akamtazama, safari hii bila kucheka, akamtajia watu wa Wiradjuri, akaeleza vita vilivyopiganwa hapo hapo kando ya mto. Mama aliomba amwandikie jina lile kwenye daftari, herufi kwa herufi.

Asubuhi ya pili mwongozaji alisimamisha basi kando ya barabara pasipo mji wala duka. Akafungua mlango, akaita, "Mwalimu, njoo." Alikuwa ameshamtungia jina. Akamwelekeza mashariki, ambako mawingu yalikuwa yamelala juu ya vilima, kisha magharibi, ambako anga ilikuwa tupu na nyasi zimegeuka rangi ya mkeka wa zamani. Hakuna mstari, akasema. Inapungua pole pole, na mwaka mwingine inapungua mapema zaidi. Lakini kama lazima uchague mahali, chagua hapa.

Mama alitembea hatua kama ishirini akiingia magharibi, akainama, akaushika udongo. Nilitazama nyuma nikitarajia kuona watu wakinung'unika. Wanne walikuwa wameshashuka na wao wanaushika udongo.

Baada ya Nyngan, mji tuliolala usiku wa pili, nchi iligeuka nyekundu. Tukaona emu, ndege kama mbuni, wakikimbia sambamba na barabara, halafu mbuzi, makundi kwa makundi, weusi, weupe, wa madoa, bila mchungaji wala zizi. Mama hakuamini kwamba hawana mwenyewe. Mwongozaji alieleza kuwa babu zao waliletwa na walowezi, wakatoroka, wakazaliana. Mama aliwahesabu hadi akachoka, akasema Tanga wasingemaliza wiki.

Mto Darling tuliufikia Wilcannia, saa ya chakula cha mchana. Maji yalikuwa machache, ya rangi ya chai ya maziwa, chini kabisa ya kingo ndefu za tope lililokauka. Mwongozaji alisema zamani meli za moshi zilifika hapa kubeba sufu, na kwamba Darling ni jina la gavana. Wenye mto, Wabarkindji, wanauita Baaka. Mama aliandika. Kisha alishuka ukingoni, mimi nimemshika mkono wa kushoto, na yule bwana mrefu, bila kuombwa, akamshika wa kulia. Mama akachovya vidole majini.

Kwa kumshukuru alimkaribisha kwenye visheti alivyotoka navyo nyumbani. Tukakaa watatu kwenye kivuli. Naye akatueleza, taratibu, akiwa na kisheti mkononi, kwamba alizaliwa Broken Hill. Baba yake alikuwa mchimbaji. Mgodi ulimuua baba huyo yeye akiwa mtoto wa miaka minne, na mama yake akamchukua wakahamia Granville, kitongoji cha Sydney, ambako alikulia, akafanya kazi ya kuchomelea vyuma, akastaafu. Hakuwahi kurudi.

"Kwa nini?" mama akauliza.

"Mama yangu hakupenda mji ule utajwe. Sikuuliza, naye hakusema. Alifariki mwaka jana." Akapangusa sukari vidoleni. "Nasikia kuna ukuta wenye majina ya waliokufa mgodini. Nataka kuliona jina lake."

Broken Hill tuliingia jua likiwa bado juu. Mama alikuwa na furaha ya mtoto. Mitaa ya mji ule imepewa majina ya kemia: Mtaa wa Kloridi, Mtaa wa Oksidi, Mtaa wa Salfaidi. Katikati ya mji limekaa lundo jeusi la mabaki ya mgodi, kubwa kuliko jengo lolote, maana kile kilima kilichoupa mji jina chenyewe kilichimbwa hadi kikaisha. Kabla ya hoteli mwongozaji alitupeleka pembeni mwa mji kwenye msikiti mdogo wa mabati mekundu, uliojengwa na wachunga ngamia waliobeba mizigo jangwani zaidi ya miaka mia iliyopita. Hilo kitabu cha jiografia hakikuwahi kusema. Mama alivua viatu, akauliza kibla kiko wapi, akaswali rakaa mbili peke yake mle ndani, huku wenzetu wakisubiri nje kimya.

Kesho yake asubuhi tulipanda juu ya lile lundo. Kuna njia ya magari mpaka kileleni, na huko juu ndiko uliko ukuta. Basi liliposimama wote walishuka, isipokuwa yule bwana. Alibaki amekaa, mikono juu ya magoti.

Mama alirudi ndani. Nikamfuata.

"Kaka yangu," alimwambia kwa Kiingereza chake cha darasani, "hushuki?"

"Labda baadaye."

"Baadaye basi litaondoka."

Alijaribu kutabasamu. "Na kama hayupo?"

"Tutajua kwamba hayupo," mama akasema. "Sasa hivi hatujui kitu."

Akashuka.

Majina yameandikwa kwa kufuata miaka, na pembeni mwa kila jina kuna sababu ya kifo. Hilo la sababu sikulitarajia. Aliangukiwa na mwamba. Alianguka shimoni. Baruti. Sumu ya risasi. Mama alisimama mbele ya hilo la mwisho muda mrefu. Nadhani alikuwa anasikia kile kicheko cha kidato cha tatu, lakini hakusema, na mimi sikumuuliza.

Yule bwana alikwenda moja kwa moja kwenye mwaka wake, mwaka aliokuwa na miaka minne. Akasoma kutoka juu hadi chini. Jina lao la ukoo si la kawaida, angeliona haraka. Halikuwepo. Akasoma mwaka wa nyuma yake, na ule wa mbele. Halikuwepo. Akarudi nyuma hatua mbili, akavaa kofia.

"Basi," akasema. "Pengine walikosea. Pengine hakuwa mtu wa kuandikwa."

"Ngoja," mama akasema. "Bado hatujamaliza kusoma."

Akamwomba amtamkie lile jina la ukoo, akalirudia mara mbili hadi likakaa mdomoni. Kisha akaweka kidole chini ya jina la kwanza la mwaka uliofuata, akaanza kusoma kwa sauti. Niliijua sauti ile. Ndiyo aliyotumia kila asubuhi kuita mahudhurio, si ya juu, si ya haraka, kila jina likipewa nafasi yake na mtu wake akingojewa aitike. Majina ya Kiingereza, ya Kiitaliano, ya nchi nisizozijua, yote aliyasoma kwa matamshi ya Tanga. Wenzetu waliacha kupiga picha. Mwongozaji alizima injini ya basi.

Alipita mwaka mmoja, akapita wa pili, wa tatu. Kwenye mwaka wa tano baada ya ule alioanza nao yule bwana, kidole kikasimama.

"Ndilo hili?"

Yule bwana akasogea. Akavua kofia, akaweka kiganja chake kizima juu ya maandishi kama anayepima joto la mgonjwa.

"Ndilo. Jina lake la kwanza pia ni hilo." Kisha akainua macho kwenye mwaka. Nikaona midomo yake ikihesabu. "Mwaka huu mimi nilikuwa na miaka tisa."

Mama akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, "Si alisema minne?"

"Ndivyo alivyoambiwa na mama yake," nikamjibu. "Walipoondoka, baba alikuwa hai. Aliendelea kuishi hapa miaka mitano. Mtoto yuko Granville, anaambiwa baba amekufa."

Mama alifunga daftari. Yule bwana alikuwa anatazama mji chini, paa za mabati zikimetameta, na uso wake haukuonyesha kitu. Nilimwomba Mungu mama asiulize swali.

Akauliza. "Pole sana, kaka yangu. Ulipokuwa na miaka tisa, ulikuwa unakaa sehemu gani huko Granville?"

"Chumba kimoja. Juu ya karakana ya fundi viatu."

"Ulikuwa unapenda kufanya nini?"

"Treni," akasema. "Nilikuwa nakaa kwenye daraja la stesheni naandika namba za treni. Zile zilizotoka magharibi zilikuwa na vumbi jekundu kwenye mabehewa. Nilizipenda hizo kuliko zote. Sikujua zinatoka wapi."

Hapo ndipo alipolia. Mama alimshika mkono, akamwongoza hadi kwenye kiti cha chuma kinachotazama mji, wakakaa. Alimuuliza huyo fundi viatu alikuwa mtu wa namna gani. Akamuuliza shule ilikuwa mbali kiasi gani, na mama yake alifanya kazi gani, na jioni walikula nini. Naye alijibu yote. Nilisimama karibu ili nitafsiri, lakini hawakunihitaji. Alikuwa anasema polepole, na mama alikuwa anamsikia vizuri kabisa. Walikaa pale karibu saa nzima. Hakuna aliyeitazama saa yake.

Mchana ratiba ilikuwa jangwani. Yule bwana hakwenda nasi. Mwongozaji alimshusha kwenye maktaba ya mji, ambako kumbukumbu za migodi zimetunzwa. Sisi tulipelekwa kwenye kilima cha mwisho, na mbele yake hakuna tena kilima. Nchi imelala tambarare kabisa, nyekundu, hadi upeo unapopinda kidogo kuonyesha kwamba dunia ni duara. Wengine walipanda kwenye jiwe kuona zaidi. Mama, ambaye jambo hili alilifundisha miaka yote ile, aliutazama ule mpindo kwa dakika chache, kisha akasema anamfikiria yule bwana kama atapata mtu wa kumsaidia kusoma mafaili.

Alimpata. Alituambia wakati wa kifungua kinywa siku iliyofuata, mkoba wake ukiwa hauko miguuni kwa sababu hatarudi na basi; atabaki wiki moja. Baba yake amezikwa kwenye makaburi ya mji, kibao cha namba tu, bila jina. Na kwenye faili la kampuni, mahali pa kuandika ndugu wa karibu, lilikuwepo jina la mama yake na anuani ya kile chumba cha Granville. Kwa hiyo mama yake alipelekewa taarifa ya kifo.

"Alijua," akasema. "Mimi nacheza na treni, yeye anajua. Sijui baba alimfanyia nini. Sijui kama mama ndiye aliyekosea. Watu wote wa kuwauliza wamekwisha."

Hakulisema kwa hasira. Alimpa mama mkono, kisha akabadili mawazo, akamkumbatia na lile koti lake la mlinzi.

Njia nzima ya kurudi nilikaa dirishani, mama kando yangu. Mbuzi walipita, mto ukapita, na maneno ya yule bwana hayakunitoka. Nimelelewa na mwanamke huyu, nimekaa mbele ya ubao wake, nimemsafirisha kutoka upande wa pili wa dunia, na nilikuwa sijawahi kumuuliza jambo hata moja lisilohusu afya yake au mipango ya kesho.

"Mama," nikasema, "ulichaguaje jiografia?"

Alinitazama kama anayesikia mlango ukigongwa.

"Sikuichagua. Mimi nilitaka kuwa mpima ardhi."

"Mpima ardhi?"

"Eeh. Na darubini yao ile ya miguu mitatu. Niliomba chuo, nikajibiwa kwamba hakuna bweni la wanawake. Nikarudi kuomba mwaka wa pili, wakasema vile vile. Nikawaambia nitalala kwa shangazi yangu, wakasema kazi yenyewe ni ya porini, nani atanioa."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuuliza," akasema, bila lawama yoyote, akajiweka sawa kwenye kiti. "Basi baba yangu akasema, nenda ualimu, huko angalau utazichora hizo ramani. Nilikasirika! Mwezi mzima sikusema naye. Bibi yako ndiye aliyekuwa anapeleka ujumbe, huyu anasema hivi, yule anasema vile, na wote tuko nyumba moja."

"Halafu?"

Akaeleza. Nikauliza tena, akaeleza tena, na mwongozaji akapunguza redio bila kuambiwa, ingawa Kiswahili hakijui. Tulipofika Nyngan kunywa chai, mama alikuwa bado hajamaliza mwaka wake wa kwanza chuoni.